Paa Likiezuliwa Kagongwa, Sheria ya Kodi Inasemaje?

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe ilishuka Mwakata, katika Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama. Nyumba nyingi za pale zilikuwa za tofali za tope. Mawe ya barafu yaligonga paa na kuta, maji yakajaa uani, kuta zikalowa na kushuka juu ya watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifika kuwafariji wafiwa, na nchi nzima ikachangia chakula, mahema na mablanketi. Misaada ile ilikuwa ya lazima na ilifika kwa watu waliokuwa wanaihitaji. Ila baada ya mazishi na matanga, kila kaya ilibaki na hesabu yake: nyumba imekwenda, bima hakuna, nani atabeba hasara?

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu swali hilo kwa upande ambao haugusiwi sana, upande wa kodi. Mtu akipoteza nyumba ambayo haikukatiwa bima, je, anaweza kumwambia mtoza kodi kwamba mwaka huu amepata hasara, basi apunguziwe? Zipo nchi zinazokubali. Tanzania inakubali kwa sehemu ndogo sana, na sehemu hiyo ndogo inawahusu watu wa Kagongwa kuliko wanavyodhani wengi.

Kagongwa iko katika wilaya hiyo hiyo ya Kahama, kwenye barabara kuu ya lami inayotoka Isaka kuelekea mjini Kahama na kuendelea hadi mpaka wa Rwanda. Ni mji wa mchele. Msimu wa mavuno mpunga unaingia kwa malori, kwa trekta na kwa baiskeli. Mashine za kukoboa zinanguruma mchana kutwa. Wanunuzi wanatoka Dar es Salaam, Mwanza na nchi jirani. Upande mmoja kuna bandari kavu ya Isaka, upande mwingine kuna ukanda wa dhahabu wa Kahama, Msalala na Geita, ambao fedha zake nyingi zinaishia kwenye tofali na bati. Aliyepata kitu mgodini au kwenye mpunga hujenga, na akijenga huanza na fremu mbili za duka mbele, stoo ya magunia pembeni, na vyumba vya familia nyuma. Vyote chini ya paa moja.

Paa hilo ndilo linaloondoka. Mvua za huku huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na mara nyingi upepo hutangulia. Upepo ukipata upenyo chini ya ukingo wa bati, hauling'oi bati moja moja. Unanyanyua bati pamoja na papi zake, na kenchi zikiwa hazikufungwa vizuri kwenye ukuta, upande mzima unahama na kwenda kuangukia kiwanja cha jirani. Asubuhi utakuta bati zimejikunja, misumari bado imo, na matundu yamepanuka kiasi kwamba zikirudishwa juu zitavuja. Ndani godoro limelowa, televisheni imekufa, na stoo ina magunia ya mchele yaliyonyonya maji. Mchele uliolowa hausubiri. Ndani ya siku chache unabadilika rangi na kunuka, na thamani yake inashuka hadi bei ya chakula cha kuku.

Mwenye mali hiyo ana njia tatu za kurudisha kitu: bima, serikali na kodi.

Bima kwanza. Mapato yote ya bima nchini Tanzania ni kama asilimia 2 tu ya pato la taifa, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka kwenye magari, afya na makampuni. Nyumba ya kuishi ya mtu binafsi hukatiwa bima hasa pale mwenyewe anapochukua mkopo benki na nyumba ikawekwa rehani, kwa sababu benki inalazimisha. Baada ya Soko Kuu la Kariakoo kuungua Julai 10, 2021, Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka bima ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Nyumba ya kuishi haikuguswa. Na nyumba ya tofali za tope, isiyo na hati wala tathmini, kampuni gani itaikatia bima? Kwa wakazi wengi wa Kagongwa bima inayofanya kazi ni ya VICOBA na vikundi vya kufa na kuzikana. Vikundi hivyo vinajua kuzika na kuuguza, lakini mfuko wao hauwezi kuezeka nyumba nzima.

Serikali nayo ina mipaka yake, na mipaka hiyo iliwahi kusemwa waziwazi. Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba na maeneo jirani ya Kagera. Watu 17 walikufa na nyumba nyingi zilianguka au kupata nyufa. Michango ilikusanywa kutoka kila pembe. Januari 2017 Rais John Magufuli alikwenda Bukoba na kuwaeleza wananchi kwamba serikali itarejesha miundombinu ya umma, yaani shule, hospitali na barabara, na kwamba nyumba binafsi kila mwenye nayo aijenge mwenyewe. Wengi waliumia kusikia hivyo. Mambo yalikuwa tofauti Hanang, baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 katika mji wa Katesh, ambako serikali na wadau, Msalaba Mwekundu wakiwemo, walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa waliopoteza makazi. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja unaona kwamba kujengewa nyumba na serikali ni uamuzi unaotolewa tukio kwa tukio. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati na mfuko, lakini haimpi mwananchi haki ya kudai nyumba mpya. Na tukio la nyumba tatu kuezuliwa katika mtaa mmoja wa Kagongwa halifiki hata kwenye taarifa ya habari.

Inabaki kodi.

Nchini Marekani jambo hili lina historia ndefu. Mwenye nyumba iliyoharibiwa na moto, kimbunga au mafuriko, ambayo bima haikuilipa, alikuwa na haki ya kuondoa hasara hiyo kwenye kipato chake kabla ya kodi kukokotolewa. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2017 iliibana haki hiyo: kuanzia 2018, hasara ya mali binafsi inahesabiwa tu kama imetokana na janga lililotangazwa rasmi na serikali kuu. Mwaka 2025 ukomo huo ulifanywa wa kudumu, ila kuanzia 2026 majanga yanayotangazwa na majimbo nayo yanaingia. Hata hapo si hasara yote inayohesabiwa. Kwa kanuni ya kawaida, kwanza zinatolewa dola 100 kwa kila tukio, kisha inatolewa asilimia 10 ya kipato cha mwaka. Mtu mwenye kipato cha dola 60,000 aliyepoteza dola 20,000 anabaki na dola 13,900 za kuombea punguzo, na punguzo lenyewe ni sehemu tu ya hizo. Japani ni wakarimu zaidi. Tetemeko, moto na hata wizi vinahesabiwa, na hasara isiyokwisha mwaka huo inasogezwa hadi miaka mitatu mbele.

Watanzania wanaoishi Houston waliokumbwa na kimbunga Harvey Agosti 2017 walikuwa na fomu ya kujaza. Ndugu zao wa Kagongwa hawana.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, Sura ya 332 ya mwaka 2004, inaanza na kanuni moja ambayo kila mhasibu anaijua kwa kichwa: gharama inayotolewa kwenye kipato ni ile tu iliyotumika kikamilifu na mahususi kuzalisha kipato hicho. Matumizi ya binafsi hayaingii. Nyumba ya kulala wewe na watoto wako, kwa macho ya sheria, ni matumizi ya binafsi. Hata unapoiuza sheria huitazama kwa jicho tofauti: kama umeimiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi, faida yako hadi shilingi milioni 15 haitozwi kodi. Huo ni unafuu wa kweli. Lakini kwa kuwa sheria imeiweka nyumba hiyo nje ya hesabu wakati wa faida, imeiweka nje pia wakati wa hasara.

Chukua mwalimu wa shule ya msingi pale Kagongwa. Amejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Februari upepo unabeba paa. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia ukiwa umekatwa kodi ile ile ya mwezi uliopita, kwa sababu kodi ya mshahara inakokotolewa kwa kiasi anacholipwa baada ya kutoa mchango wa mfuko wa pensheni. Hakuna mahali pa kuandika kwamba nyumba imeezuliwa. Mwajiri hana mamlaka ya kuingiza hasara hiyo, na ofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) hana pia.

Mwenye vyumba vya kupangisha naye yuko pabaya kwa namna yake. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, na inakatwa kwenye pango lote, kabla ya kutoa fundi, rangi wala bati. Kenya wana utaratibu unaofanana, kwa kuwa kodi ya pango la nyumba za kuishi hutozwa kwenye mapato ghafi, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Urahisi wake ni kwamba hakuna makaratasi mengi. Ubaya wake unaonekana mwaka ambao pango la miezi minne lote limekwenda kwenye kenchi mpya, na kodi haikujua.

Sasa mchukue mama anayeuza mchele, mwenye fremu mbele, stoo pembeni na vyumba nyuma. Huyu ndiye anayestahili kusikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu paa lake moja linaangukia kwenye sheria mbili. Bati zilizofunika vyumba vya kulala ni hasara yake binafsi. Bati zilizofunika fremu na stoo, pamoja na mchele uliokuwemo ndani, ni hasara ya biashara, na hasara ya biashara sheria inaitambua. Matengenezo ya jengo la biashara yanatolewa kwenye kipato. Jengo lenyewe, kwa mtu anayetunza hesabu kamili, hupunguziwa thamani kwa asilimia 5 kila mwaka, na likiangamia, sheria hulihesabu kama mali iliyoondoka mikononi, hivyo thamani iliyokuwa imebaki nayo huingia kwenye hesabu. Mchele uliooza unajitoa wenyewe: mwisho wa mwaka unahesabu mali iliyopo stoo, na kilichooza hakipo.

Lakini hayo yote yanamhusu mwenye hesabu kamili. Mfanyabiashara mdogo wa Kagongwa halipi kwa faida. Analipa kwa mauzo. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka asilimia 3.5 kwa mauzo ya mwaka kati ya shilingi milioni 11 na milioni 100. Ndiyo maana mazungumzo kwenye kaunta ya ofisi ya kodi mara nyingi hufuata mkondo huu:

"Mwanangu, nyumba imeanguka, mchele umeoza, na kodi bado mnadai?"

"Pole sana, mama. Lakini hii kodi ni ya mauzo, si ya nyumba. Uliuza au hukuuza?"

Mama aliuza. Kabla ya upepo alikuwa ameuza vizuri, na asilimia 3.5 ya alichouza iko palepale. Kitu pekee kitakachompunguzia ni mauzo ya miezi ijayo kushuka, na huo ni unafuu mchungu.

Tazama hesabu yenyewe. Tuseme mauzo yake ya mwaka ni shilingi milioni 60 na faida yake, baada ya kununua mpunga, kukoboa, kusafirisha na kulipa vibarua, ni milioni 6. Kwa mfumo wa mauzo atalipa shilingi 2,100,000. Kwa mfumo wa faida, shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi kodi, na zilizobaki hutozwa asilimia 8, hivyo atalipa shilingi 220,800. Sasa ingiza mchele wa milioni 4 uliooza kwenye stoo. Faida inabaki milioni 2, chini ya kiwango kinachoanza kutozwa, na kodi ya mapato inakuwa sifuri. Kwa mfumo wa mauzo bado ni 2,100,000, kwa kuwa milioni 60 zilishauzwa.

Sheria inamruhusu mfanyabiashara wa namna hii kuchagua kutoka kwenye mfumo wa mauzo na kukadiriwa kwa hesabu za faida. Wengi hawalijui hilo, na wanaolijua wanaogopa gharama ya mhasibu na usumbufu wa kutunza vitabu. Hofu hiyo ina msingi. Mhasibu anataka malipo, na mkulima anayekuuzia mpunga mashambani huko Msalala hana risiti ya mashine. Biashara ya mchele inaendeshwa kwa kuaminiana na kwa daftari lenye mistari, lakini daftari peke yake halimtoshi ofisa anayekagua. Hata hivyo, kwa mtu mwenye faida ndogo na stoo inayoweza kulowa, tofauti ya karibu milioni 2 inatosha kumlipa mhasibu na kubaki na kitu.

Tatizo gumu zaidi ni lile neno "mahususi". Jengo ambalo nusu ni duka na nusu ni chumba cha kulala linazua mabishano. Ofisa ana haki ya kuuliza: bati hizi 24 zilienda juu ya stoo au juu ya chumba chako? Jibu linalosimama ni la karatasi. Mwenye jengo anayenunua bati za fremu kwa risiti yake na bati za nyumba kwa risiti nyingine, anayeandikiana na fundi mikataba miwili hata kama ni fundi yule yule, na mwenye picha ya stoo siku ile ile ya upepo, huyo ana la kusema. Aliyenunua vyote kwa risiti moja yenye jina la mume wake ambaye hana namba ya mlipakodi (TIN) ya biashara hana pa kushika. Risiti za mashine za kodi za EFD nazo zina ugonjwa wao: karatasi yake hufifia. Iliyokaa kwenye mkoba juani Kagongwa miezi minane inaweza kuwa nyeupe kabisa siku ya ukaguzi. Ipigwe picha kwa simu siku hiyo hiyo, na itolewe nakala. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na maandishi ya EFD hayafiki huko.

Sheria hiyo hiyo ina milango mingine ambayo aliyepatwa na janga anaweza kuigonga bila kuwa na hesabu kamili. Anaweza kuomba kuongezewa muda wa kuwasilisha ritani. Anaweza kuomba kulipa kwa awamu. Anaweza kuomba asamehewe riba na adhabu kwa sababu ya msingi, na nyumba iliyoanguka ni sababu ya msingi kuliko nyingi zinazoletwa. Anaweza pia kurekebisha makadirio yake ndani ya mwaka. Maombi yote haya yaandikwe, yapelekwe kabla tarehe haijapita, na yaambatane na barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata inayoeleza tukio, siku na kilichoharibika. Barua hiyo itafutwe wiki ile ile, kabla mtendaji hajahamishwa na kabla ukuta haujajengwa upya.

Hadi hapa tumezungumzia anayelipa kodi ya mapato. Na hapa ndipo inapobidi kusema wazi kwamba kuiga sheria ya Marekani au ya Japani kusingewasaidia watu wa Mwakata. Punguzo la kodi ya mapato lina thamani kwa mwenye kodi ya mapato ya kupunguza. Mkulima wa mpunga na pamba ambaye nyumba yake ya tope ilimwangukia hakuwa na ritani wala makadirio. Ukimwambia aondoe hasara kwenye kipato chake, humpi kitu. Atakayefaidi ni mwenye nyumba ya ghorofa mjini Kahama, mwenye mhasibu. Ni vizuri naye asaidiwe, lakini sheria ya maafa inayoanza na yeye imeanza mahali pasipofaa.

Kodi ambayo kila aliyepatwa na janga anailipa, maskini na tajiri, ni ile iliyo ndani ya bidhaa za ujenzi. Bati, misumari, saruji na nondo vina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Anayelipa shilingi 3,000,000 dukani kwa bati za kuezeka upya amelipa ndani yake karibu shilingi 457,600 za VAT. Mwenye duka lililosajiliwa VAT hurudishiwa aliyolipa kwenye manunuzi yake. Mama wa mchele asiyesajiliwa na mkulima hawarudishiwi. Juu ya hapo, Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru wa shilingi 20 kwa kilo ya saruji, sawa na shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Nyumba ndogo iliyokula mifuko 100 imelipa shilingi 100,000 kwa ushuru huo peke yake. Kwa maneno mengine, upepo ukibomoa nyumba, hazina ya serikali inaingiza fedha pale mwathirika anapoinua ukuta upya. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kodi ya majengo nayo ni ndogo kwa kulinganisha. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na kuanzia Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba za tope na za nyasi zimesamehewa kisheria. Mwenye nyumba ya tofali za kuchoma iliyoanguka ukuta mmoja, lakini mita ikabaki inafanya kazi, ataendelea kukatwa kila anaponunua umeme. Ni jambo dogo la kurekebisha, na halmashauri ikipeleka orodha ya nyumba zilizoharibika linaweza kurekebishwa mara moja.

Kuna jambo jingine linalostahili kuangaliwa. Mfanyabiashara anayetoa msaada kwa taasisi ya hisani inayotambulika, au kwenye miradi ya maendeleo ya jamii, anaruhusiwa kuuondoa mchango huo kwenye kipato chake, mradi usizidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Kipengele hicho ni kizuri na kisiguswe. Lakini maana yake ni kwamba sheria imemkumbuka anayetoa bati kumi, na haijamkumbuka aliyepoteza bati sitini.

Mlango wa kuanzia kumkumbuka upo tayari. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, ilivyorekebishwa, inampa waziri wa fedha uwezo wa kusamehe VAT kwa bidhaa na huduma za kukabiliana na maafa, kwa tangazo la Gazeti la Serikali. Uwezo huo unaelekea kwenye misaada inayopitia mikono ya taasisi. Ungeweza kupanuliwa umfikie mwathirika mwenyewe: kamati ya maafa ya wilaya inathibitisha nyumba, mtendaji wa kata anaandika jina, idadi ya bati na mifuko ya saruji, na mwathirika anarudishiwa kodi aliyolipa kwa risiti ya EFD yenye jina lake, kwa simu yake ya mkononi, hadi kiwango kitakachowekwa. Udanganyifu utajaribiwa, bila shaka. Ila risiti za EFD zinasomeka kwenye mfumo wa TRA, na katika mtaa wa Kagongwa kila mtu anajua nyumba ipi iliezuliwa na ipi haikuezuliwa.

Wabunge wa Kahama na Msalala wana kazi hapo kila Juni, muswada wa sheria ya fedha unapofika bungeni Dodoma. Mwaka 2022 Bunge liliweza kuamua kwamba soko la umma lazima liwe na bima. Linaweza pia kuamua kwamba mtu aliyeezuliwa na upepo asitozwe kodi kwa kununua bati zile zile mara ya pili. Fedha zitakazopungua hazina ni kidogo sana ukilinganisha na kinachokusanywa kwenye saruji nchi nzima. Kwa kaya moja, zile laki nne na nusu ndani ya milioni tatu zinatosha kumlipa fundi wa kuezeka, au kununua mbegu za msimu unaofuata.

Wakati hilo likisubiriwa, wafanyabiashara wa mchele wenye TIN wakumbuke kalenda. Kwa wanaofuata mwaka wa kawaida, makadirio yanawasilishwa kabla ya Machi 31 na ritani ya mwaka uliopita kabla ya Juni 30. Machi imo ndani ya msimu wa mvua. Aliyeharibikiwa Januari au Februari aende na barua ya mtendaji, picha na nakala za risiti siku ile anapokwenda kukadiriwa, na aulize kwa mdomo wake kama anaweza kukadiriwa kwa faida. Atakayeharibikiwa baada ya hapo arudi kurekebisha makadirio kabla ya awamu inayofuata: Juni 30, Septemba 30 au Desemba 31.